Mzee Aliyesema na Ng'ombe Ili Nisikie

Jina lake silitaji. Nalijua vizuri, maana ndilo linalofuata jina la mume wangu popote anapoandika, na watoto wangu wanaitwa nalo shuleni kila siku. Lakini kwa Wasukuma mke wa mtoto halitamki jina la baba mkwe, na mimi niliyefika Lalago nikiwa mtu wa Muheza, mwenye mdomo usiojua kufuli, nimejikuta nimeishika mila hii kuliko hata wifi zangu waliozaliwa nayo. Kwa hiyo humu ataitwa Baba Mkwe. Akisomewa atajua ni yeye, na atajifanya hajasikia.

Nilipangiwa kufundisha darasa la kwanza Lalago, nikaolewa hukohuko na fundi wa mashine wa kiwanda cha kuchambua pamba kule Maswa. Asubuhi yangu ya kwanza ukweni nilimwona mzee anakuja na njia ya zizini. Nikatua ndoo, nikapiga goti, nikanyoosha mkono. "Shikamoo baba!" Sauti ya Muheza hiyo, unaisikia mpaka ng'ambo. Mzee akasimama kama aliyeona nyoka, akageuka, akaingia kwenye shamba la pamba, mzima mzima na kofia yake. Nikabaki na mkono hewani. Nikajiuliza, huyu mzee ana wazimu au mimi ndiye ninanuka?

Mama mkwe, ambaye namwita Mayu kama wanawe wanavyomwita mama yao, alicheka mpaka mchi ukamtoka mkononi. "Mwalimu, huo ni ukwe," akaniambia. "Hakupi mkono, hakutazami usoni, hali na wewe. Akikuona anakupisha. Ndiyo heshima yenyewe." Heshima! Kwetu mtu akikukimbia hadi kwenye pamba ujue mna kesi. Nilimwitikia Mayu kwa mdomo, lakini moyoni nikasema mzee hanitaki kwa sababu mimi si Msukuma. Nikaishi na wazo hilo muda mrefu, na lilinichoma.

Namwandika kwa sababu ya mimba yangu ya kwanza, na kwa sababu ya binti aliyetoka katika mimba hiyo, Kabula. Kuna wakati niliamini, nikaapa, kwamba huzuni yangu imemharibu mtoto huyo akili kabla hajaliona jua. Aliyenitoa hapo hakuwa Baba Mkwe peke yake, na nitawataja wengine. Lakini yeye alinitoa bila kuniambia neno hata moja, na hilo sijaona mtu mwingine akiliweza.

Tuanze na ng'ombe, maana naye angeanza hapo. Ng'ombe wake wote wana majina, na majina yenyewe yana ulimi. Palikuwa na dume aliyeitwa Bwana Shamba, kwa sababu alipenda kusimama akitazama wenzake wakilima. Palikuwa na jike kubwa jeupe aliyeitwa Serikali. Huyo, kwa maelezo ya mwenyewe, anakula sana na maziwa anatoa kwa zamu. Baba Mkwe alimsalimia Serikali kila asubuhi, "Mwangaluka," kabla ya kumsalimia binadamu yeyote, na Mayu alikuwa akisema kwamba siku atakayosalimiwa yeye kwanza ataanguka kwa mshtuko.

Ng'ombe mwenye mimba alikuwa na sheria zake mjini pale, na mji kwa Wasukuma ni boma la mtu na watu wake. Hapigwi fimbo. Hapigiwi kelele. Hakimbizwi na kundi kwenda mtoni, anaachwa nyuma aende kwa mwendo wake. Baba Mkwe aliwahi kununiana na jirani msimu mzima wa pamba kwa sababu jirani alimfunga nira ng'ombe mwenye mimba. "Ndama anaisikia fimbo kabla hajazaliwa," alisema, na alilisema hilo kwenye mikutano, kwenye pombe, hata nje ya kanisa baada ya ibada ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameilala.

Mayu alikuwa akimsikiliza, halafu anasonya. "Kwa ng'ombe anajua sana. Mimi mimba zangu zote nimezilimia. Mume wako huyu uchungu wake ulinikuta na jembe mkononi, na mwenye mji yuko mnadani anachagua fahali." Aliyasema hayo palepale mbele yake. Mzee aliongeza sauti ya redio.

Redio hiyo! Aliibeba kwenye mfuko aliofumiwa na binti yake, akaining'iniza kwenye mti wowote aliokuwa karibu nao. Alibishana na mtangazaji. Akitangaza mvua, yeye anasema muongo. Akitangaza jua, yeye anasema muongo tena, na kofia anavaa. Mfukoni hakukosa matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, akitafuna kutwa kama mtu mwenye hasira navyo. Kwenye sukari alikuwa mchoyo wa kutupwa. Aliificha chumbani kwake, akawa anaitoa kijiko kwa kijiko kama dawa ya mifugo. Lakini mgeni akija usiseme, anachinja. Mtu huyo nilishindwa kumweka kwenye kapu moja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Mimba ya Kabula ilikuwa changa bado nilipopigiwa simu kwamba mama yangu amefariki Muheza. Tulikuwa tunaishi mjini kwa wakwe wakati huo, kwa sababu upepo ulikuwa umeezua paa la nyumba ya mwalimu. Nikaanza kufunga nguo. Baba Mkwe akatuma neno kupitia kwa Mayu: mwenye mimba hakanyagi msiba, wala halii, machozi ya msiba yanamshukia mtoto. Mume wangu anamwogopa baba yake kuliko mashine za kiwandani. Akasema tungoje kidogo, safari ni ndefu, barabara mbaya. Tukangoja. Mama yangu akazikwa na mimi niko Lalago napepeta mchele.

Walifanya kwa mapenzi, hilo nalijua leo. Mji mzima uliniwekea tabasamu. Yakifika matangazo ya vifo redioni mzee anazima. Nikiinamisha kichwa tu, mtu anakuja mbio: "Usilie, Mwalimu, utamdhuru mtoto." Basi sikulia. Nilimeza. Na nilipomaliza kumeza machozi nikashindwa kumeza ugali; ukawa kama pamba mdomoni, nikawa naurushia kuku nyuma ya jiko. Usingizi ukaondoka. Darasani nilishika chaki nikasahau nilitaka kuandika nini, na wale watoto wadogo wananitazama. Watu walinisalimia, "Mhola?" Na mimi najibu, "Mhola duhu," amani tupu, kama salamu inavyotaka, kisha naenda chooni kusimama tu. Ilifika mahali nikatamani nilale nisiamke. Nalisema wazi, kwa sababu nilipolificha ndipo liliponilemea.

Kliniki kulikuwa na nesi, kijana wa kiume mpole aliyehamia kutoka Kigoma. Aliniuliza hali, nikasema salama. Wengi wanaishia hapo. Yeye akaweka kalamu chini. "Unalala?" Nikasema kidogo. "Unakula?" Nikasema kidogo. "Kuna kitu chochote siku hizi kinakufurahisha?" Jamani, swali dogo namna hiyo! Nikatikisa kichwa, Mayu ameketi pembeni ananitazama kama hanijui.

"Mama, hii inaitwa sonona," akasema. "Ni ugonjwa. Si uvivu, si deko, na hujarogwa. Na unatibika, tena wengi tunawatibu kwa mazungumzo." Akanieleza kwa nini hataki tuuache. Mama akikaa na huzuni nzito au hofu kwa muda mrefu, mwili wake unabadilika, na mtoto yuko humohumo ndani ubongo wake ukijengwa. Wapo watoto ambao baadaye wanapata shida ya kutulia, ya kulala, ya kuweka mawazo mahali pamoja. "Si wote," akasema. "Na tukikutibu mapema tunamsaidia na yeye."

Yeye alisema yote hayo. Mimi nikasikia nusu. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza! Kila mtoto asiyetulia niliyewahi kumfundisha alipita mbele ya macho yangu: yule anayetafuna daftari, yule anayetazama dirishani mpaka kengele, yule ambaye ukisema "A" yeye ameshafika kwenye mjusi ukutani. Nikajihukumu njia nzima. Tulipofika nyumbani nikamwambia Mayu, "Nimeshamharibu. Hata hajazaliwa nimeshamharibu." Nikaingia ndani nikalala kifudifudi na tumbo langu.

Mayu akaenda kumwambia mzee. Aliniambia baadaye kwamba mzee alizima redio mwenyewe, mchana kweupe, na haukuwa wakati wa vifo.

Jioni yake nikiwa jikoni nikasikia kwato. Ng'ombe wa pale hukamuliwa zizini, upande wa pili kabisa. Lakini huyo hapo Baba Mkwe anamleta Serikali nyuma ya jiko langu, anamfunga kwenye nguzo, anakalia kigoda akinipa mgongo. Ukuta wa jiko lile ni miti mitupu, unasikia kila kitu. Akaanza kukamua, na akaanza kusema. Na akasema Kiswahili! Ng'ombe wale tangu wazaliwe hawakuwahi kusikia kwake ila Kisukuma.

"Serikali, leo umekula?"

Maziwa yanagonga ndoo.

"Nauliza tu. Naambiwa kuna mtu kwenye mji huu anatupa ugali kwa kuku. Kuku wamenenepa mpaka wanashindwa kuruka."

Nikapandwa na hasira hiyo! Mzee amenikimbia miaka, leo anakuja kunifananisha na ng'ombe! Nikagonga mfuniko wa sufuria kwa nguvu makusudi. Serikali akaruka kidogo. Mzee akamtuliza, akamaliza kukamua, akaondoka polepole.

Kesho yake akarudi. Nilikuwa nimejiandaa kugonga tena.

"Serikali," akasema, "mimi nimekosea. Nilisema mwenye mimba asilie. Nilidhani nasaidia. Mtu amefiwa na mama yake, mimi nikamfunga mdomo. Hata wewe nilipomuuza ndama wako wa kwanza nilikuacha ulie siku nzima, na hakuna aliyekukataza."

Mwiko ukanisimama mkononi. Nilitaka kumjibu, nikakumbuka siwezi kumjibu. Sasa nifanye nini? Nikageukia nilichokuwa nacho.

"Sufuria," nikasema, "mwambie anayeuliza kwamba sijala. Mwambie mama yangu alikuwa anauza machungwa stendi ya Muheza, na alinisomesha kwa machungwa hayo, na mimi sikumtupia hata udongo kaburini."

"Serikali, umesikia?" mzee akasema. "Machungwa."

Basi hivyo ndivyo tulivyozungumza, yeye na ng'ombe wake, mimi na sufuria yangu, karibu kila jioni mpaka nilipojifungua. Mayu alikuwa akipita anajiziba mdomo kwa khanga asicheke. Mzee alimuuliza Serikali maswali ambayo hakuna ng'ombe duniani angeyajibu: mama yako alipenda kula nini, alikuwa mkali, aliimba? Sufuria ikajibu kwamba aliimba sauti ya pili kanisani, na mkali ndiyo, alikuwa mkali wa kuchapa na bakora ya mpera. Mzee alicheka huko nje, na ndipo nikajua kwamba mzee yule huwa anacheka.

Kuhusu kujilaumu kwangu alisema mara moja tu. "Serikali, mwaka ule wa ukame ulikuwa na mimba. Ulikonda ukabaki pembe. Ndama akazaliwa mwoga, akisikia bati linalia anaruka uzio. Nani alikulaumu wewe? Kwani ukame uliuleta wewe?" Akasogeza ndoo. "Tulimwacha anyonye muda mrefu. Tulimfunga karibu na watu awazoee. Sasa si ndiye huyo Bwana Shamba? Anaogopa nini yule, zaidi ya kazi?"

Nilicheka. Nilicheka mwenyewe nikajishangaa, maana nilikuwa nimesahau sauti yangu ya kucheka.

Asije mtu akadhani alikuwa mganga wa mazungumzo aliyetosha peke yake, la. Yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu kliniki. Siku moja nilikataa kwenda, nikasema nimechoka kuulizwaulizwa. Jioni Serikali akasemeshwa: "Ng'ombe wangu akiugua namwita mtaalamu wa mifugo, sikai nikamwimbia. Kesho utakwenda." Nikaenda. Alimpigia mume wangu simu Maswa akamwambia kila Jumapili anataka kumwona nyumbani, hata kama mashine zinaungua. Alimhamishia Mayu chumbani kwangu. Na maji yangu aliyaleta mwenyewe kwa mkokoteni wa ng'ombe, mzee mzima na mapipa yake, wanaume wenzake wakimcheka njiani kwamba ameolewa. Aliwajibu matusi ambayo mimi mwalimu wa watoto siwezi kuyaandika.

Halafu akaita msiba.

Hilo sijawahi kuliona popote. Alipeleka habari kwa majirani kwamba mjini kwake kuna matanga, akachinja dume, akatandika turubai. Watu wakaja na unga na kuni, wakauliza amekufa nani. Mama wa Mwalimu. Wapi? Muheza. Lini? Zamani. Wakatazamana. Bibi mmoja akasema, "Kwani kilio kinaoza?" Akaketi, na wengine wakaketi. Palikuwa na wazee walionong'ona kwamba mzee amevunja mwiko, mwenye mimba anawekwa katikati ya msiba, mtoto akizaliwa na kasoro shauri lake. Baba Mkwe aliwasikia. Akasema kosa lilikuwa lile la kwanza na ni la kwake, na anayeogopa aende nyumbani akiwa ameshiba. Hakuondoka mtu.

Mayu alinikalisha kwenye mkeka, akanipakata kichwa mapajani pake. "Haya mwanangu. Sasa lia." Nililia mpaka sauti ikaisha, na wanawake wale, ambao mimi na wengi wao hatukuelewana vizuri lugha, walilia pamoja nami. Nje nikamsikia Baba Mkwe anawaeleza wanaume habari za marehemu: alikuwa mama mwenye bidii, muuza machungwa, mwimbaji wa sauti ya pili, mkali, fimbo yake ya mpera. Alimsema mama yangu kana kwamba walikua pamoja. Nilijua ameyatoa wapi maneno yote hayo.

Sikupona siku ile, msidanganywe na hadithi za namna hiyo. Zilikuja siku nzuri mbili zikafuatwa na mbaya. Nesi aliendelea na mimi hadi nilipojifungua na baadaye pia, maana alisema baada ya kuzaa huzuni inaweza kurudi, na kweli ilichungulia. Lakini ugali ulianza kupita, na kuku wakarudia umbo lao.

Kabula alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lake. Na sasa niseme ukweli wote: Kabula hatulii. Alipofika umri wa darasa la awali nilikuwa namtazama kama askari. Anaanza kuchora nyumba, hajamaliza ukuta yuko mlangoni, hajafika mlangoni ameona jongoo. Unamtuma chumvi anarudi na ua. Mwalimu mwenzangu akasema kwa utani, "Huyu wako ana kichwa cha upepo," nikaenda nyuma ya darasa nikalia. Nilisema, ndiyo haya sasa, huzuni yangu inalipwa.

Nilimbeba hadi kwa yule nesi. Akacheza naye, akamtazama, akaniuliza baba yake alikuwaje utotoni. Nikamwambia wanasema alikuwa hivyo hivyo, alikuwa anapanda paa. "Unaona?" akasema. "Kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema hili limetoka hapa au pale. Na ubongo wake haujafungwa, bado unajengwa. Mnaoujenga ni ninyi, mkizungumza naye, mkicheza naye, akiwa hana hofu. Na wewe ukiwa mzima."

Nilipomsimulia Mayu, mzee alikuwa kwenye kigoda chake, ananipa mgongo. Hakumwita ng'ombe yeyote. Alimwita Kabula. Babu na mjukuu hawana mwiko, kwao ni utani mtupu. Kabula humwita Guku, yaani babu, na humnyang'anya kofia. Kuanzia jioni ile alimsimamisha mlangoni pa zizi ng'ombe wakiingia. Wasukuma wa zamani hawahesabu ng'ombe, wanatazama wakajua. "Kabula, nani hayupo?" Mtoto anatazama, anaruka, anatazama tena. "Serikali!" "Serikali huyo hapo, nyuma ya Bwana Shamba. Tazama vizuri." Mara nyingine alimficha ndama mmoja makusudi nyuma ya ghala. Siku za mwanzo Kabula alibahatisha na kukimbia. Mzee hakumkaripia hata mara moja, yeye aliyekuwa na mdomo mchafu kwa dunia nzima. Alingoja. Watoto wetu huwa tunawangoja kweli?

Ikafika jioni moja mtoto akasimama kimya, kidole mdomoni, muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona amesimama. Kisha akasema, "Guku, yule mwenye baka jicho la kushoto." Na kweli huyo ndiye hakuwepo. Mzee alipiga kigelegele, mwanaume yule, cha wanawake kabisa. Mimi niliuiba mchezo ule nikaupeleka darasani: watoto wanafumba macho, mmoja anajificha, nani hayupo? Wale wasiotulia ndio hodari zaidi. Kabula sasa yuko darasa la tatu. Bado unamtuma chumvi ukiwa na wasiwasi, lakini anasoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, akining'iniza mguu mmoja nje ya kiti.

Hata hivyo wasiwasi wangu haukuisha. Mtu aliyeugua ugonjwa ule huamka akijikagua: leo nimefurahi? Leo nimechoka tu, au ndiyo inarudi? Nilishazaa mara mbili tena salama, nimerudi nyumba ya mwalimu, nacheka na watu, lakini moyoni nilikuwa bado mgonjwa aliyeruhusiwa kwa muda. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia vinginevyo, na mimi sikuuliza.

Msimu huu wa kulima nilimpeleka mwanangu wa mwisho kuchanjwa. Benchi la kliniki limejaa wajawazito, na katikati yao, kofia magotini na fimbo ubavuni, ameketi Baba Mkwe. Loo! Mwanaume wa umri ule hapiti hata uani pa kliniki. Wanawake wamejibana upande mmoja wanacheka chinichini. Aliponiona akageuza uso haraka kuelekea ukutani, kama kawaida yake. Mayu alikuwa Bariadi akitibiwa macho, na shemeji yangu mdogo amekwenda Kiloleli kwenye biashara ya mpunga. Nilijua mkewe ni mjamzito. La zaidi sikulijua.

Nesi wa siku hizi ni dada mgeni, ana haraka. "Mzee, hapa ni kliniki ya wajawazito. Unamfuata nani?"

Nilimwona anatafuta pa kutazama. Akatazama mikono yake, kisha akamtazama nesi usoni.

"Nimemleta mke wa mwanangu. Yuko nje, anaona aibu kuingia. Ana huzuni. Hali, halali. Akiulizwa anasema mzima, lakini si mzima, mimi nimemwona. Msimwache."

"Sawa mzee. Aingie basi."

"Mimi ni mkwe wake, siwezi kuingia naye chumbani."

"Hakuna mwanamke wa kuingia naye?"

Akainua fimbo, akanielekezea mimi bila kunigeukia.

"Yule Mwalimu ataingia naye. Aliugua hivyo hivyo, akapona."

Akapona. Alilisema mbele ya watu wote, kama mtu anayetaja kitu kinachojulikana na kila mtu. Nilisimama pale na machozi yananitiririka, mtoto ananivuta hereni, na mama aliyekuwa karibu yangu akanyoosha mikono kumpokea bila kuniuliza kitu. Nikampa. Nilipopita mbele ya benchi Baba Mkwe alikusanya miguu yake, akatazama ukuta, nami nikatoka nje kwenda kumshika mkono yule binti tuingie.